Shajara yangu ya TP (mazoezi ya kufundisha) imesomwa kwa sauti mbele ya darasa zima!

Wakuu, naandika huku natetemeka. Yule Dokta wetu wa TP, mnamjua wote, leo kasimama na shajara yangu akaisoma kwa sauti. Darasa zima linasikiliza!

Kabla ya kwenda field tuliambiwa tuandike ukweli, tufuate mzunguko wa Gibbs wa 1988, ule wa kutafakari kazi uliyoifanya, hatua zote sita. Hatua ya pili ni HISIA. Haya, nikaandika hisia: Kidato cha Pili walinizomea kwa kuwa sauti haifiki nyuma, nikaenda kulia stoo ya maabara. Kumbe namwandikia mtangazaji wa redio! Kavaa miwani, kasoma taratibu mpaka pale nilipoandika "nimemkumbuka mama". Watu wamecheka hadi bati likataka kung'oka. Halafu ananiambia, "Mwalimu halii."

"Nimemkumbuka mama", wakuu! Kwa sauti!

Hatua ya sita nimeeleza nilivyopanga kulifundisha upya lile somo, viti nikavigeuza, wakaelewa. Huko hakufika, alikuwa bado yuko kwa mama yangu. Kanipa 9 kwa 20. Aliyeandika "somo lilikwenda vizuri" kila wiki kapata 17. Nani tena ataandika ukweli?

Kipanga2: Pole mkuu. Ila stoo ya maabara? Ungelia chooni, hakuna ushahidi 😂

MtotoWaPwani: Mama anaendeleaje lakini?

Mleta uzi: Sicheki! Shajara ni ya mwanafunzi na msimamizi wake, si ya mkutano wa hadhara!

Nondo_12mm: Nyie walimu mnadeka. Njooni uhandisi, logibuku kila siku, mwisho wa wiki mchoro, na fundi mkuu hasaini mpaka umnunulie soda.

Kipanga2: @Nondo_12mm michoro yenyewe mnadesa ya mwaka jana, tunawajua.

Nondo_12mm: Nani kadesa? Nimechora nguzo nzima kwa rula!

DadaWaMaabara: Sisi wa afya tunaandikiana logibuku usiku wa mwisho, kalamu tatu tofauti ionekane ni siku tofauti.

MtotoWaPwani: Jamani, hela ya field imeingia? Mimi nadaiwa mpaka na mama ntilie.

Nondo_12mm: Imeingia nusu.

DadaWaMaabara: Nusu?! Mimi hata senti. Wewe benki gani?