Mjadala: Dodoma iendelee kupima viwanja pembezoni, au ijaze kwanza vilivyokwisha kupimwa?

Bikoni
Nianze na namba, maana bila namba tutaishia kurushiana maneno. Sensa ya 2012 iliikuta Dodoma Mjini na watu 410,956. Ya 2022 ikakuta 765,179. Hiyo ni kasi ya karibu asilimia 6.4 kwa mwaka, yaani mji unajizidisha mara mbili kila miaka 11. Kasi hiyo ikiendelea hadi 2039, mwaka ambao Mpango Kabambe wa sasa, yaani mpango mkuu unaoongoza ukuaji wa jiji, unafikia kikomo, tutakuwa milioni 2.2. Ongezeko ni zaidi ya watu milioni 1.4. Kwa kaya za watu wanne wanne, hizo ni kaya 360,000 za kutafutiwa mahali.

Sasa chukua hekta moja. Toa asilimia 30 ya barabara, shule na maeneo ya wazi, zinabaki mita za mraba 7,000. Ukikata viwanja vya 600 unapata 11. Ukikata vya 300 unapata 23. Kwa kaya zile zile 360,000, njia ya kwanza inakula kilomita za mraba kama 327, ya pili kama 157. Barabara ya mzunguko wa nje, ile inayouzunguka mji, ina kilomita 112.3. Hata ingekuwa duara kamili, eneo la ndani lingekuwa kama kilomita za mraba 1,000 tu. Toa milima, mabonde na maeneo ya taasisi, bado nafasi ipo. Hoja yangu: upimaji mpya wa makazi nje ya barabara hiyo usimame, na ndani viwanja vidogo viwe ndiyo kawaida.

Mtaa kwa Mtaa
Mkuu, hesabu yako inadhani kiwanja kimoja kina kaya moja. Nenda Chang'ombe uhesabu kaya kwenye nyumba moja ya kupanga. Lakini hilo dogo. Kubwa ni bei. Ukifunga pembezoni, bei ya ndani inapaa, na wa kipato cha chini hatasubiri. Atakwenda kwa mwenye shamba, watakatiana vipande kwa hatua za miguu, wataandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, na ndani ya mwezi boma limesimama. Miaka kumi baadaye Jiji linakuja na urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyokwisha kujengwa kiholela, na hapo njia ya mita tatu inageuka vita, kwa kuwa kila mwenye nyumba anataka jirani yake ndiye atoe ardhi. Gari la zimamoto halipiti, la kunyonya choo halipiti. Ukifunga hujazuia mji kukua, umezuia mji kupimwa.

Inchi Mbili
Niongeze upande wa maji, kwa sababu ndiko gharama ya kutawanyika inakoonekana.

Kiwanja cha 600 mara nyingi ni mita 20 kwa 30, ile 20 ikitazama barabara. Bomba moja linahudumia pande mbili za mtaa, kwa hiyo kila kiwanja kinabeba mita 10 za bomba. Hapo ni kama wote wamejenga. Wakijenga watatu kati ya kumi, kila mteja anabeba mita 33. Mamlaka inalaza bomba dogo la kuwatosha hao watatu, na wengine wakijenga, presha inaanguka na bomba linafukuliwa. Ukilaza kubwa tangu mwanzo, maji yanakaa ndani siku nyingi, klorini inaisha nguvu, tope linatuama, na mteja wa mwisho anafungulia maji ya kahawia. Yaani unakosea pande zote mbili.

Halafu chanzo cha maji ya mji. Visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, havijazwi sawasawa kila mwaka. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kumbukumbu za kina cha maji tangu miaka ya 1950 zinaonyesha kwamba maji ya chini hupanda kwa mikupuo, kwenye ile misimu michache ya mvua kubwa. El Niño ya 1997/98 ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Maji yanazama hasa kupitia mchanga wa vitanda vya mito ya msimu. Kwa hiyo ukipima viwanja juu ya vitanda hivyo, au ukapanga vyoo vya shimo kando yake, unaziba na kuchafua mlango wa kisima. Mimi ningefunga upande wa kaskazini, kwenye bonde hilo, kabla ya kujadili barabara ya mzunguko.

Mtaa kwa Mtaa
Kwenye bonde sina ubishi. Lakini na hao wenye viwanja vya 300 ndani, maji yao machafu yataenda wapi?

Inchi Mbili
Swali la haki. Tangi la majitaka na shimo la kunyonya kwenye mita za mraba 300 linawezekana kwa nyumba moja kwenye udongo wa kichanga. Weka ghorofa yenye kaya nne juu ya mfinyanzi, shimo linajaa kila wiki chache na gari la kunyonya linakuwa kama kodi ya pili. Kwa hiyo viwanja vidogo viende kule mtandao wa majitaka unakoweza kufika kwa mteremko, bila pampu. Na mabwawa ya kutibu yasizungukwe na makazi. Mabwawa ya Swaswa yanatosha kuwa onyo: mji ukishayafikia mabwawa, malalamiko ya harufu hayaishi.

Zabibu Mara Mbili
Mnazungumzia pembezoni kama vile ni pori. Mpunguzi na Hombolo kuna mashamba ya zabibu yanayovunwa mara mbili kwa mwaka. Mzabibu unataka miaka miwili hadi mitatu ndipo uzae vizuri, ukiwa na nguzo, waya na samadi iliyokwisha kulipiwa. Mkulima akishasikia tetesi za upimaji anaacha kupanda upya na kupogoa kwa uangalifu, maana haoni kama atavuna. Shamba linakufa kabla bikoni, jiwe la mpaka la mpimaji, haijachimbiwa. Kama mpango unasema kilimo, uandike kilimo kwa miaka 20, siyo "eneo la akiba".

Mthamini wa Zamu
Fidia ndipo mipango mingi inapokwama, kwa hiyo ielezwe ilivyo. Kwa Kanuni za Ardhi za 2001, mwenye shamba linalotwaliwa hulipwa thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, mazao yakiwemo. Juu yake kuna posho ya usumbufu, inayotokana na thamani hiyo kuzidishwa na riba ya amana za benki. Kuna posho ya makazi, kodi ya pango ya soko ya mwezi mara 36. Kuna usafiri wa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Aliyepoteza biashara hulipwa faida halisi ya mwezi mara 36. Malipo yakivuka miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa.

Sasa baraza linapopitisha bajeti ya "kutwaa hekta 500", mara nyingi kinachowekwa ni ardhi na nyumba, posho zinasahaulika. Fedha zinaisha katikati, nusu wamelipwa, nusu wamekaa juu ya eneo lenye mchoro uliokwisha kupitishwa. Hawawezi kujenga, hawawezi kuuza. Kwa maoni yangu hakuna kosa kubwa kuliko hilo katika upanuzi, na halihusiani na umbali kutoka mjini.

Jamvi la Zege
Kuhusu viwanja vitupu: msiwalaumu walanguzi peke yao. Vingine vimekatwa juu ya mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka, masika unavimba, msingi wa kawaida wa mawe unachanika kuanzia kona za madirisha. Dawa ni kuchimba mpaka uufikie udongo mgumu, au kumwaga jamvi la zege lenye nondo, na bei yake inamshinda mtu aliyedhani amenunua kiwanja cha bei rahisi. Vingine viko ndani ya korongo. Mpimaji alikuja Septemba, akakuta mchanga mkavu, akaweka bikoni. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto au bwawa, lakini watu wanabishana kama korongo la msimu ni mto. Mpango ulitamke hilo kwa ramani, korongo kwa korongo. Na kabla ya mchoro wowote, mashimo ya majaribio ya mita mbili yachimbwe, hata manne kwa hekta kumi.

Bikoni
Hapo Jamvi umenigusa. Basi nirekebishe pendekezo. Badala ya mstari mmoja wa kufunga, eneo lifunguliwe kwa vitalu vya viwanja kama 200, ndani au nje ya mzunguko, kwa mfuatano huu: udongo upimwe, fidia ilipwe yote, barabara zichongwe na mitaro itoboke hadi mkondo halisi, bomba kuu lifike, ndipo tangazo la kuuza litoke. Kitalu kinachofuata kisifunguliwe mpaka nusu ya kilichotangulia imejengwa. Sharti la kujenga ndani ya miezi 36 tayari limo kwenye hati ya milki, tatizo halisimamiwi.

Mthamini wa Zamu
Halisimamiwi kwa sababu kubatilisha milki ni mamlaka ya Rais. Jiji linaweza kutoa ilani na kupeleka taarifa kwa Kamishna wa Ardhi tu, na mwenye kiwanja anachohitaji ni kumwaga lori moja la mawe ili aonekane ameanza.

Mtaa kwa Mtaa
Nusu ya kujengwa ni nyingi mno, watu wetu wanajenga kwa awamu, chumba leo, bati mwakani. Weka theluthi, na boma lililofika lenta lihesabiwe. Halafu mseme wazi: hela ya kuchonga barabara kabla ya kuuza inatoka wapi, ikiwa leo viwanja vinauzwa ndipo greda linatafutwa?

Mthamini wa Zamu
Mauzo ya kitalu cha kwanza yawekwe akaunti ya pekee, yalipie cha pili. Cha kwanza ndicho kinachohitaji mkopo au ruzuku, mara moja tu. Ugumu uko kwa madiwani: akaunti ikishajaa na mwaka wa fedha unakaribia kuisha, nani atakataa kuichota kwa ajili ya jambo lingine?

Inchi Mbili
Anayeidhinisha asiwe anayechota. Na mchoro wa kitalu cha pili upite baraza siku ile ile ya cha kwanza, bei ya bomba na greda ikiwa imeandikwa humo, ili kila shilingi itakayotolewa ionekane imetolewa kwenye mtaa gani.