Sabufa mbili za inchi 12 kwenye amplifaya ya mono: omu 1, 2 au 4?

Probox_Igoma: Wakuu, habari za jioni. Nimechukua sabufa mbili za inchi 12 pale mjini za kufunga kwenye gari langu, Probox, na amplifaya ya mono (chaneli moja) iliyoandikwa wati 1500. Fundi mmoja kasema nizifunge ukinzani wa umeme uwe omu 1 ndiyo besi itoke, mwingine kasema omu 4. Duka limekubali nibadilishe kitu hadi Jumamosi. Nifunge ipi?

Sangara12: Hapo hakuna wa kukujibu mkuu. Sabufa zina koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni) moja au mbili? Hesabu sehemu za kuchomeka waya: mbili ni koili moja, nne ni koili mbili. Kila koili omu ngapi? Na hiyo 1500 ni ya kwenye boksi. RMS yake (wati halisi inazotoa mfululizo) ngapi, na mwisho wake wa chini ni omu ngapi? Tuambie na fyuzi zake.

Nyakato_Besi: Stika usiiamini, pima. Toa waya zote, weka mita kwenye omu. Koili ya omu 4 husoma 3.2 mpaka 3.8, haifiki 4 kamili. Ikisoma 1.7 hivi, hiyo ni ya omu 2.

Probox_Igoma: Nimepima. Kila sabufa ina sehemu nne, kila koili inasoma 3.6. Kitabu cha amplifaya kinasema wati 450 RMS kwa omu 4, wati 800 kwa omu 2, na isishuke chini ya omu 2. Fyuzi mbili za ampea 40. Sabufa ni wati 400 RMS kila moja.

Sangara12: Basi omu 1 ifute kabisa. Koili mbili za omu 4 ndani ya sabufa moja, ukizifunga paraleli (chanya na chanya, hasi na hasi) unapata 2. Ukizifunga sirizi (hasi ya koili ya kwanza kwenda chanya ya pili) unapata 8. Sasa unganisha sabufa zote: 2 na 2 kwa paraleli ni 1, 8 na 8 kwa paraleli ni 4, 2 na 2 kwa sirizi ni 4 vilevile. Omu 2 haipatikani hapo hata uzungushe waya vipi. Ukiitaka, rudisha sabufa uchukue za koili mbili za omu 2. Kila moja ifunge sirizi iwe 4, kisha zote paraleli, unapata 2.

BesiKubwa: Mimi nasema arudishe amplifaya, achukue inayovumilia omu 1. Mono bila omu 1 ni kujinyima.

Waya_Nene: Kujinyima nini ngosha? Kutoka wati 450 kwenda 800 ni desibeli 2.5 tu, na sikio linahitaji kama 10 ili lione sauti imekuwa mara mbili. Hiyo omu 1 inavuta ampea nyingi, altaneta ya Probox ndiyo itakayoteseka. Taa za mbele zikianza kufifia kila besi inapopiga, ujue volti zinashuka.

Halafu sikiliza kisa cha Hiace moja iliyoletwa ikiwa imeshaungua. Amplifaya yake ilikuwa ya mwisho omu 2, na nyuma ilikuwa na matundu mawili ya spika. Aliyeifunga akadhani kila tundu ni chaneli yake, akaweka sabufa moja huku, nyingine kule, kila moja omu 2. Kwenye mono matundu hayo yameungana ndani, ni paraleli tayari. Mzigo ukawa omu 1. Taa nyekundu ya ulinzi ikawa inawaka kila sauti ikipandishwa, fyuzi zikakatika, wakaweka kubwa zaidi. Mwisho transista za kutoa sauti zikaungua na kushikana, umeme wa DC ukaenda moja kwa moja kwenye koili. Sabufa moja ilikutwa koni imesukumwa mbele imeganda hapo, ukinusa katikati unapata harufu ya gundi iliyoungua. Mita ikasoma 0.7. Nyingine koili imekatika kabisa. Fyuzi ikikatika tafuta sababu, usiongeze namba.

Nyakato_Besi: Au atumie sabufa moja, koili paraleli, omu 2. Mzigo salama, na buti inabaki na nafasi.

Waya_Nene: Hapana. Sabufa moja mwisho wake wati 400. Mbili zikigawana 450 zina koni mara mbili, zinaishinda kwa desibeli 3 na zaidi. Afunge omu 4, abaki na hela ya waya.

Sangara12: Kwenye waya ndipo wengi wanapoumia. Kwa takribani mita 5 mpaka kwenye buti chukua waya namba 4 wa shaba tupu (namba ikiwa ndogo, waya ni mnene zaidi). Ukivuta ampea 70 unapoteza kama volti 0.3. Namba 8 ya alumini iliyopakwa shaba inapoteza volti nzima. Kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiwa mweupe ndani urudishe. Fyuzi kuu ya 80 ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri.

BesiKubwa: Hiyo ya alumini inafanya kazi, ongeza tu unene.

Sangara12: Ndiyo, lakini iwe namba 0, na mara nyingi unene ulioandikwa ni wa plastiki.

Probox_Igoma: Na geini, ile nobu ya kiwango cha sauti kwenye amplifaya, niweke wapi?

Nyakato_Besi: Toa waya za sabufa, zima kitufe cha kuongeza besi, piga toni ya Hz 50, sauti ya redio robo tatu. Mita kwenye AC, pandisha geini mpaka volti 42, hiyo ndiyo 450 kwa omu 4. Kichujio cha kupitisha besi tu kiwe kwenye Hz 80. Kabla ya kufunga sanduku gusa kila koili na betri ya volti 1.5: chanya kwa chanya, koni itoke nje. Koili moja ikigeuzwa, mbili zinapigana, koni haitembei na koili inachemka.

Mwaloni_77: Samahani kuingilia, yangu ina mluzi unaopanda nikikanyaga mafuta. Gari inabeba dagaa.

Waya_Nene: Anza na waya wa hasi wa amplifaya. Fungua bolti kwenye bodi, ukikuta ukungu wa kijani kwenye kichwa cha waya, safisha, chubua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Waya huo usizidi nusu mita. Na waya za sauti zipite upande mwingine, mbali na ule wa betri.

Mwaloni_77: Zote zimepita upande wa dereva.