Hojaji ya sita ya "elimu ya mtandaoni" mwaka huu, na walioacha kozi bado hakuna mtu amewauliza!!

Wadau leo nimekasirika na lazima niandike. Saa hii ya usiku nimetoka nje nikasimama pale kwa mparachichi, juu ndani ya nyumba netiwaki haishiki, nifungue linki imetumwa kwa grupu la WhatsApp la darasa letu. Nilidhani alama za CAT, ule mtihani mdogo wa katikati ya semesta, zimetoka. Kumbe ni hojaji ingine, ya sita tangu Januari, nimehesabu. "Walimu wapendwa, nafanya utafiti wa uzamili kuhusu matumizi ya teknolojia katika ufundishaji wa vyuo vikuu, tafadhali jazeni, ni dakika 10 tu." Na swali la nne linasema hivi, sijaongeza neno: Je, unaweza kupata intaneti? Ndiyo. Hapana.

Sasa mimi niko kwa intaneti ndio nasoma hilo swali. Mwenye hana atabonyeza Hapana akiwa wapi?

Mimi ni mwalimu wa praimari huku Vihiga, magharibi mwa Kenya, si mbali na mji wetu wa Luanda. Nilianza digrii ya ualimu kwa ule mpango wa likizo, Aprili, Agosti na Disemba unaenda chuo, miezi ingine yote unasoma kwa mfumo wa mtandaoni. Chuo sikitaji na msiniulize inbox. Siku ya kwanza tulikuwa 63 ndani ya ukumbi, tukaandikwa majina na namba za simu, grupu likafunguliwa. Leo grupu lina watu 38. Hao 25 wameenda wapi? Hakuna hojaji hata moja kati ya hizo sita imewahi kuwafikia, kwa sababu linki inatumwa kwa grupu na wao walishatoka grupu!

Niwaambie ya mmoja. Kuna madam tunafundisha naye shule moja, tulijiunga pamoja, alichukua mkopo wa sacco kulipa karo. Simu yake ni kabambe, ile ya vitufe ya kupiga na kupokea tu. Smartphone ya nyumba ni ya mzee wake, yaani bwanake, na mzee anafanya kazi Kisumu, anarudi Jumamosi, kwa hivyo madam alikuwa anasoma wikendi na akikwama Jumatatu anakuja kuniuliza wakati wa chai. Sasa CAT moja ikawekwa Alhamisi saa nane hadi saa kumi. Simu yangu hangeweza kuazima juu hata mimi nafanya hiyo CAT. Akaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akapanda boda hadi saiba ya Luanda, pale pa kompyuta za kulipia, akalipa, akaingia vizuri tu. Mnajua huku kwetu venye mvua hunyeshanga mchana. Ikaanza, radi moja, stima ikapotea akiwa swali la kumi na moja. Saiba haina jenereta. Alikaa kwa hicho kiti akiangalia kioo cheusi mpaka saa kumi ikapita, stima ikarudi saa kumi na moja kasorobo na kufungua akakuta muda umekwisha. Akamwandikia mhadhiri siku hiyo hiyo. Wiki mbili hajajibiwa, akaandika tena, akajibiwa mstari mmoja kwamba mfumo ulifunga kulingana na ratiba.

Matokeo yalipotoka, hiyo yuniti haikuwa na alama. Arudie, na kurudia ni kulipa tena. Nilikuwa nimekaa mkabala naye stafurumu, yeye anasahihisha vitabu vya gredi ya tatu na kalamu nyekundu, akaniomba simu yangu, akaniuliza mtu anajitoaje kwa grupu akitumia simu ya mzee wake. Nikamwonyesha. Akasema asante akaendelea kusahihisha.

Huyo ndiye mtu mnatafuta nyinyi watafiti! Si mimi niliyebaki!

Semesta hii tunafanya mbinu za utafiti, kwa hivyo nimekaa nikasoma tasnifu kadhaa za hii mada zilizo kwa mtandao, za vyuo mbalimbali, na nimeona ni kama zimetoka kwa kibuyu kimoja. Sura ya pili, ile ya maandishi ya waliotangulia, lazima kuwe na mtafiti Fred Davis wa 1989, kwamba mtu atakubali teknolojia akiona inafaa na ni rahisi kutumia. Sawa, si mfano mbaya. Lakini Davis vipimo vyake alivijaribu kwa watu 152, wafanyakazi wa IBM huko Canada na wanafunzi wa MBA wa Boston. Hao swali lao lilikuwa programu ni rahisi ama ni ngumu. Hakuna mtu Boston alikuwa anauliza kama stima itarudi kabla ya saa kumi. Ukinileta swali hilo hilo "mfumo ni rahisi kutumia, chagua 1 hadi 5", mimi nitachagua 4, na ni kweli mfumo ni rahisi, vitufe naviona, hata madam angechagua 4! Shida yake haikuwa vitufe. Kwa hivyo unaandika walimu wa magharibi mwa Kenya wameukubali mfumo, na mtu alifukuzwa na huo mfumo.

Halafu sampuli. Mnachukua jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, lile la kuonyesha uhoji watu wangapi, kwa watu 1000 unatoa 278, mnaandika kwa ujasiri kabisa. Hilo jedwali linataka watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwa orodha nzima. Kutupa linki kwa grupu na kuhesabu waliojibu kwanza ni bahati nasibu gani hiyo? Mwenye anajibu kwanza ni mwenye ako na bando na chaji. Kisha mnatuambia kipimo cha alfa ya Cronbach kimetoka juu ya 0.7 kwa hivyo hojaji ni ya kuaminika. Alfa inaonyesha tu maswali yako yanaelekea upande mmoja, haiwezi kujua ni nani hayuko.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mambo haya yameandikwa zamani na mnayanukuu wenyewe. Michael Moore, mtaalamu wa elimu ya mbali, alisema umbali kwa elimu ya mbali si kilomita, ni mazungumzo kati ya mwalimu na mwanafunzi, yakipungua na ratiba ikikazwa umbali unazidi. Kutoka Luanda hadi chuo ni safari fupi ya matatu, lakini huyo madam alikuwa mbali kuliko mtu wa Australia. Vincent Tinto aliandika kuhusu wanaoacha chuo 1975, yaani mimi sijazaliwa. Richard Clark naye 1983 akasema chombo cha kufundishia ni kama lori linaloleta chakula, lori si ndilo linakushibisha. Mnawaweka wote sura ya pili, sura ya tatu, ile ya mbinu, mnawasahau mnatengeneza fomu.

Na msiniambie ni Covid. Vyuo viliambiwa vifunge kufikia 20 Machi 2020, kila mtu akakimbilia mtandaoni vile angeweza, na mwezi huo huo watafiti kina Hodges wa Marekani walishaonya kwamba kufundisha kwa dharura si sawa na kozi iliyopangwa kuwa ya mtandaoni. Dharura ilipita. Hii CAT ya saa nane hadi saa kumi ni mtu amekaa akaipanga, na angeweza kuiacha wazi siku tatu.

Sensa ya 2019 ilisema watu wanaotumia intaneti nchi hii ni asilimia 22.6 ya wenye miaka mitatu kwenda juu, kompyuta ni 10.4. Najua imeongezeka tangu hapo. Lakini ukiwa na hiyo namba mbele yako unafikiriaje kutafuta ukweli wa elimu ya mbali kwa linki peke yake jamani.

Nataka hivi. Mtafiti aende ofisini aombe ile orodha ya siku ya kwanza, si ya leo, kwa utaratibu na ruhusa. Namba za simu ziko, tuliziandika kwa mkono. Apige. Kabambe inapokea simu vizuri tu. Ama apange siku ya soko aje Luanda na karatasi zake, walimu watakuja, tunajuana. Supavaiza naye mwanafunzi akimletea hojaji ya linki amuulize swali moja, walioacha wako ukurasa gani?

Hojaji ya leo sijaijaza. Nimemwandikia huyo mtafiti kwa grupu, mbele ya wote, kwamba kuna mwalimu mmoja ako tayari kuongea naye saa nzima kwa simu, jana nilimuuliza akakubali. Alama mbili za buluu zimeonekana. Bado hajajibu.