Ushauri: Forester ya turbo inagonga chini na kutoa moshi wa bluu, nianzie wapi? (Malindi)

Mwana_Shela
Salam aleikum wanajamvi. Gari ni Forester SG5, injini EJ205 (lita mbili) yenye AVCS (mfumo wa kubadili wakati wa valvu), turbo ni TD04, gia za mkono. Ni gari la kujengwa polepole. Kwanza turbo ilianza kupiga filimbi, kisha moshi wa bluu. Juzi kwenye barabara ya Sala Gate injini ikaanza kugonga chini, taa ya oili ikawaka, nikazima injini papo hapo. Haijawashwa tena. Kijiti kinaonyesha oili iko katikati ya alama mbili, ila ina unga unaong'aa. Fundi mmoja asema nilete turbo ya mtumba kutoka Mombasa, nimwage oili, mambo yaishe. Mwingine asema injini nzima. Pesa zinatosha moja tu. Nianzie wapi?

Spana14
Wa aleikum salaam. Turbo usiiguse kwa sasa. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na kinachoishika ni utando mwembamba wa oili, oili ile ile inayopita kwenye kranki. Ukifunga turbo nzima juu ya oili yenye unga wa chuma, umeitupa.

Anza na filta ya oili. Ikate kwa mkasi wa bati au kikata filta. Msumeno wa chuma hapana, kwa sababu unga wake utakudanganya. Ile karatasi ioshe kwa petroli ndani ya sahani nyeupe, kisha pitisha sumaku chini ya sahani. Kinachofuata sumaku ni chuma: kranki, kamshafti au pampu ya oili. Vigamba vya kijivu visivyoshika sumaku ni tabaka la juu la beringi. Ukiona rangi ya shaba, ama beringi zimeliwa hadi ndani, ama ni bushi za turbo yenyewe.

Halafu toa mpira wa hewa, ushike shafti ya turbo kwa vidole. Ikicheza kidogo kwenda pembeni hapo ilipo kavu, si tatizo. Ikicheza mbele na nyuma kiasi cha kuhisi mkononi, imekwisha. Tazama pia ncha za mapanga kama zimekwaruza nyumba yake. Panga likikosa kipande, hicho kipande kitafute, kiko mahali.

Jahazi_Turbo
Naongeza hapo. Oili kuwa katikati maana yake haikupungua kiasi cha kukausha injini. Basi kwa nini taa iliwaka? Taa hiyo huwaka shinikizo likiwa limebaki kidogo sana, kwa hivyo ukiiona, beringi zimeshaumia. Kuna njia tatu za kuangalia:

1. Bolti ya banjo (bolti yenye tundu ndani, oili hupita humo) ya mrija unaopeleka oili kwenye turbo. Injini nyingi za AVCS zina kichungi cha wavu ndani yake, kidogo kama ncha ya kidole. Oili isipobadilishwa kwa wakati, wavu hujaa masizi na turbo hufa kwa kiu.
2. Mrija wa kunyonya oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Kwenye EJ huwa unapata ufa pale ulipounganishwa, pampu ikaanza kuvuta hewa.
3. Silikoni. Kuna mafundi wanaopaka sampu kama wanapiga plasta, iliyozidi inakatikia ndani na kuziba strena (wavu wa mdomo wa mrija huo).

Jambo jingine la huku kwetu: rejeta ikijazwa maji ya kisima cha chumvi, njia za maji za turbo huota magamba. Ukizima injini ya moto, oili huungua ndani ya turbo. Kagua hizo njia ukiifungua.

Mwana_Shela
Shukran sana. Filta imekatwa: vipande vya rangi ya shaba, na vigamba vya kijivu vingi. Shafti inacheza mbele na nyuma. Wavu wa bolti ya banjo umeziba kabisa, hata mwanga haupiti.

Spana14
Basi turbo ilitangulia, unga wake ukaenda kwenye beringi za konrodi. Injini ishuke.

MzeeGereji
Kwangu mimi, kabla ya kuijenga hiyo, pigia hesabu nusu injini ya mtumba kutoka Japani. Ukiinunua, fungua sampu mbele ya muuzaji, pima kompresheni silinda zote nne (tofauti baina yake ndiyo muhimu kuliko namba yenyewe), na uchukue risiti na karatasi za uagizaji, maana nambari ya injini lazima ibadilishwe kwenye rekodi za NTSA (mamlaka ya usafiri ya Kenya). Muuzaji akikataa sampu kufunguliwa, ondoka.

Jahazi_Turbo
Mzee, heshima yako, lakini kranki ipimwe kwanza kwa maikromita. Ikiwa haijachimbika wala kuwa na rangi ya bluu ya kuungua, kuipolishi na beringi mpya kunatosha, na injini anayoijua ni bora kuliko asiyoijua. Kama ni kusaga, beringi nene zaidi za milimita 0.25 zipo. Upana wa nafasi kati ya beringi na kranki upimwe kwa Plastigauge (uzi laini wa plastiki unaobanwa humo kisha kupimwa upana), asikisie mtu kwa kutikisa.

Ila chochote atakachochagua, hivi vya zamani havirudi: pampu ya oili, mrija wa kunyonya, mrija wa oili wa turbo na bolti yake, na kipoza oili kile kinachokaa juu ya filta. Beliti ya taimingi na tensha zake nazo mpya. Ikikatika, valvu hugonga pistoni.

Mwana_Shela
Kipoza oili si nikioshe kwa petroli na upepo? Bei yake imenishtua.

Jahazi_Turbo
Usikioshe, kitupe. Njia zake ni nyembamba na zina kona, unga unabaki ndani na kutoka oili ikipata moto. Kipoza hewa (intakula) kile cha juu ndicho cha kuosha: jaza petroli, tikisa, mwaga, rudia hadi itoke safi, kisha kikauke kabisa.

Wakati wa kuwasha: mimina oili kwenye tundu la oili la turbo huku ukizungusha shafti kwa kidole. Mrija wa kurudisha oili ushuke moja kwa moja bila kukunjwa, na flanji zake zipate gasketi pekee, silikoni hapana. Chomoa waya wa sensa ya kranki, piga stata sekunde kumi, pumzika, rudia hadi taa izime. Ndipo uunganishe na kuwasha. Funga geji ya mkono ya shinikizo la oili: oili ikiwa na joto la nyuzi 80, usipate chini ya psi 14 kwa mizunguko 600 kwa dakika, wala chini ya 43 kwa 5,000. Oili hiyo ya kwanza imwage mapema pamoja na filta, na hiyo filta uikate pia.