Mtu kanifutia sendoff nzima halafu ananiuliza "kwani huna bakapu?"

Wakuu, sijalala. Mnamjua, simtaji: yule mwenye picha ya pengwini, anayejibu "hamia Linux" (ule mfumo wa kompyuta wa bure) hata ukiuliza bei ya vitunguu.

Jumamosi nimepiga video ya sendoff, klipu 214 za H.264 (muundo wa video unaokula nafasi), diski inalia. Nikamwomba njia ya kuzigeuza H.265, inayobana zaidi, zenyewe nikiwa nimelala. Akanitumia skripti: ukitupia klipu kwenye folda, FFmpeg (programu ya kugeuza video) inaibana na kuiweka folda ya pili, ya zamani inafutwa. "Bandika tu mkuu, utanishukuru."

Nikabandika. Dakika tatu, klipu zote kwisha. Na mimi juha nikamwita mama watoto aje aone kasi! Nafungua folda ya pili: tupu kama mfuko wangu tarehe 25. Nafungua ya kwanza: tupu.

Terminali imejaa mstari uleule, kwamba /dev/dri/renderD128 (mlango wa kadi ya picha) haifunguki. Kumbe FFmpeg ilizuiwa mlangoni, haikubana hata klipu moja. Mfutaji yeye hakuzuiwa.

Nampigia saa nane usiku. Anapiga mwayo: "Kwani huna bakapu?"

KWANI. HUNA. BAKAPU. Ningekuwa nayo ningekupigia saa nane nikuulizie hali ya shangazi? Kadi nimeshaifomati, Jumapili nilikuwa na ubarikio. Bibi harusi mtarajiwa anaandika "kaka, video lini?" na vikopakopa vitatu. Mimi kichwani nasikia tu "kwani huna bakapu".

Kisiki_Kikavu: Weka skripti tuione.

Mleta uzi: ffmpeg -i "$f" [makorokoro yake] "$nje"; rm "$f"

Kisiki_Kikavu: Nukta mkato hiyo! rm ni amri ya kufuta, na nukta mkato maana yake "ukimaliza, futa", hata kama kazi imegoma. Angeweka && (yaani "ikifaulu tu"), rm isingegusa kitu. Na hujajiingiza kwenye grupu la render, la wanaoruhusiwa kutumia kadi ya picha: sudo usermod -aG render $USER, toka, ingia tena.

Bi Mkubwa wa Bando: Yaani umebandika rm usiyoijua kwenye kazi ya watu ya hela? Umejichinja mwenyewe mkuu, jamaa kakuazima kisu tu.

Mleta uzi: Sawa, lakini "kwani huna bakapu" ni jibu la mtu mzima?

dagaa_mchele: Kwani huna? 😂😂

Kisiki_Kikavu: Usiandike chochote kwenye hiyo diski. Endesha photorec (programu ya kufufua faili zilizofutwa), uombe Mungu.

Bi Mkubwa wa Bando: Afadhali photorec, ni ndogo, haitamla bando. Juzi nimesasisha Ubuntu (Linux hiyohiyo), GB 2 zimeyeyuka kabla chai haijapoa.

Kaka wa Ukwata: Afadhali yenu. Video ya harusi yangu mwaka wa pili huu, naambiwa bado "inarenda" kwenye kompyuta.

dagaa_mchele: Wapiga video wote baba mmoja. Yangu wamekata nasaha za mzee, wakaacha dakika 11 za MC akila pilau.

Kaka wa Ukwata: MC mwenye suti ya zambarau?

dagaa_mchele: Huyohuyo! Unampata wapi? Spika zangu anazo tangu Pasaka.