Mjadala: Presha inayopanda kwa msongo wa kazi, ihesabiwe kuwa ugonjwa wa kazi?

Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi

Wadau, naleta hoja. Dereva wa lori anayekesha barabarani, nesi wa zamu ya usiku aliyeachiwa wodi nzima, keshia asiyeruhusiwa kutoka dirishani mpaka foleni iishe: hawa wakipimwa presha ikakutwa 160/100 wanaambiwa wapunguze chumvi na waache mawazo. Watayaachaje mawazo wakati ratiba ya zamu iko vilevile?

Japani walishatoka hapa. Kwa vigezo vyao vya 2001, mfanyakazi akipata kiharusi au mshtuko wa moyo baada ya kufanya saa za ziada 100 ndani ya mwezi uliotangulia, au wastani wa zaidi ya 80 kwa mwezi katika miezi miwili hadi sita, kazi inahesabiwa kuhusika kwa kiasi kikubwa na fidia inalipwa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani nao walitoa makadirio mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa 35% kuliko wa saa 35 hadi 40. Tanzania tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi tangu 2008. Presha ya kazi inakosaje nafasi humo?

Daktari wa magonjwa ya ndani

Katibu, hoja yako ina uzito, ila umechanganya vitu viwili. Japani wanalipa tukio: kiharusi, moyo kushtuka. Hawalipi namba ya 160/100 peke yake. Na ile 35% ni ya kiharusi. Kati ya msongo wa kazi na presha ya kudumu ushahidi upo, lakini ni dhaifu zaidi na tafiti hazikubaliani.

Mwili wenyewe unafanya hivi. Ukishtuka au ukiwa na hofu, ubongo unaamsha mishipa ya fahamu ya dharura, na tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, mishipa ya damu inabana, na namba ya juu inaweza kupanda kwa 20, 30 au zaidi ndani ya dakika chache. Hofu ikiisha, inashuka. Hiyo bado si ugonjwa wa presha, na mtu aliyekutwa na 170 katikati ya wasiwasi mkali halafu akawa na 126 baada ya kutulia hapaswi kuondoka na vidonge vya maisha yake yote.

Tatizo linaanza pale dharura hiyo isipopewa nafasi ya kuisha. Usingizi unakatika, kotisoli (homoni ya msongo) inabaki juu, figo zinashikilia chumvi na maji, na mishipa iliyobana kila siku inakuwa migumu. Juu ya hapo mtu anakula saa nne usiku, hatembei, anavuta sigara, anakunywa bia ili alale. Kwa maoni yangu njia hii ya pili, ya tabia zinazozaliwa na kazi, ndiyo inayoumiza watu wengi zaidi. Ndiyo maana ni vigumu kuisimamisha mbele ya bodi ya fidia.

Nesi wa kliniki ya presha

Kabla hamjafika kwenye fidia, tuulize hizo namba zimepatikanaje. Upimaji mwingi wa siku za afya kazini haufai hata kuandikwa kwenye faili. Mtu anatoka kwenye foleni aliyosimama, anaketi kwenye stuli isiyo na egemeo, shati limekunjwa mpaka limebana mkono kama kamba, simu iko sikioni, mashine inawashwa. Kila kosa hapo lina bei yake. Kuongea kunaweza kuongeza kama 10. Kukunja nne, kati ya 2 na 8. Kibofu kilichojaa kinaongeza, na mkono unaoning'inia chini ya usawa wa moyo vilevile. Mkanda mdogo wa mashine kwenye mkono mnene ndio kosa baya kuliko yote, kwa sababu unatoa namba kubwa kuliko ya kweli kila mara, kwa hiyo mtu na mpimaji wote wanaiamini.

Inavyotakiwa: nusu saa kabla ya kipimo usinywe kahawa, usivute, usifanye mazoezi. Nenda chooni. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda ukae kwenye ngozi. Sehemu yake inayojaa hewa izunguke angalau 80% ya mkono. Pima mara mbili ukiacha dakika moja, chukua wastani. Mkigundua mikono haifanani, fuateni ule wenye namba kubwa.

Nyumbani, pima asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku saba. Siku ya kwanza itupwe, zilizobaki zipigiwe wastani. Hapo kikomo ni 135/85, si 140/90 ya kliniki, kwa sababu nyumbani mtu ametulia zaidi. Kati ya watu 100 wanaokutwa na namba kubwa kliniki, 15 hadi 30 hivi wakipima nyumbani wako sawa. Huo ni wasiwasi wa koti jeupe, yaani presha inayopanda kwa kuwa mtu yuko mbele ya daktari.

Katibu, kundi linalokuhusu wewe ni la kinyume chake: kliniki 128/80, kazini 150/95. Wanaitwa wenye presha iliyojificha. Wanapimwa siku waliyoomba ruhusa, wamelala vizuri, wanaambiwa wako salama. Msongo wa kazi umehusishwa na kundi hili hasa.

Meneja rasilimali watu

Sista, nakushukuru, umenisaidia kuuliza. Kama tabia, uzito, umri, kurithi na chumvi vyote vimo, mwajiri atabebeshwa sehemu gani? Mtu ana mkopo, ana mgonjwa nyumbani, anakula chipsi kila siku. Kiasi kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na sahani moja ya chipsi na mishikaki yenye chumvi ya kunyunyiza inamaliza sehemu kubwa ya hiyo. Nikikubali kulipia presha, kesho nitalipia kisukari. Waajiri wataanza kuwapima watu ili wasiwaajiri wenye presha. Hilo ndilo linalonitisha, na atakayeumia ni mfanyakazi.

Mkaguzi wa usalama na afya kazini

Hofu ya meneja kuhusu ubaguzi ni ya kweli na isipuuzwe. Lakini kulipa fidia na kuondoa chanzo ni mambo mawili, na la pili halihitaji sheria mpya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku, ovataimu isizidi saa 50 katika wiki nne, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, na saa moja ya kupumzika baada ya saa tano za kazi. Dirisha la keshia asiyeondoka tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri limeshavunja kifungu, presha iwepo isiwepo. Pengo kubwa ni kwamba vifungu hivyo vya saa haviwahusu wale wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, na hao nao kazi inawachosha kupita kiasi.

Pia wingi wa kazi peke yake hautoshi kueleza. Mtafiti wa mambo ya kazi Robert Karasek alionyesha mwaka 1979 kwamba kinachochosha zaidi ni kazi inayomdai mtu mengi huku yeye hana uamuzi juu yake. Ndiyo maana nashauri mambo madogo: ratiba itoke wiki mbili kabla, zamu zizunguke kwenda mbele (asubuhi, mchana, usiku), usiku usizidi tatu mfululizo, na keshia awe na mtu wa kumpokea kwa dakika kumi bila kuomba kibali. Haya hayana gharama ya kumfilisi mtu.

Mfamasia

Wakubwa shikamooni. Naongeza yanayoonekana kaunta. Mfanyakazi anakuja na kichwa na mgongo, ananunua diklofenaki ya maumivu, anakunywa wiki nzima. Dawa hiyo na ibuprofeni zinafanya figo zishike chumvi, presha inapanda, na zinadhoofisha baadhi ya dawa za presha. Paracetamoli ya kawaida kwa muda mfupi ni afadhali. Vinywaji vya kuongeza nguvu usiku kucha navyo vinapandisha presha.

La pili, dozi inayorukwa kwa sababu ya kazi. Haidroklorothiazaidi, dawa ya presha, inamkojoza mtu, kwa hiyo dereva na keshia wanaiacha siku za kazi na kuinywa siku za mapumziko. Halafu kadi inasema "dawa haifanyi kazi", dozi inaongezwa. Mwambie daktari ukweli. Amlodipini, dawa nyingine ya presha, inakaa mwilini zaidi ya siku nzima na haimkimbizi mtu chooni. Mwenye zamu inayobadilika anaweza kuichukua saa ile ile kila siku. Na wanaokatisha ghafla propranololi, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, kwa kuwa "wasiwasi umeisha" wanajitafutia hatari: moyo unaweza kurudi kwenda mbio na presha kuruka. Inapunguzwa polepole. Diazepamu ni ya kutuliza wasiwasi, si dawa ya presha, wasiuziane.

Katibu wa tawi

Nimewasikia. Basi nionyesheni: mfanyakazi akitaka kuthibitisha, aanzie wapi?

Daktari wa magonjwa ya ndani

Aanze na mashine ya saa 24 inayovaliwa mkononi, pale inapopatikana. Kama haipo, mashine ya nyumbani kwa utaratibu wa Sista. Alinganishe siku ya kazi moja na siku ya mapumziko moja. Mchana kikomo ni 135/85, usiku 120/70. Kwa kawaida usiku presha inashuka kwa 10 hadi 20%. Isiposhuka ni dalili mbaya, na kwa wa zamu za usiku tunaangalia saa alizolala, hata kama ni mchana. Tofauti ikiwa kubwa kati ya siku hizo mbili, umepata kitu cha kuzungumza. Bado sitasaini kwamba kazi ndiyo iliyosababisha. Nitasaini kwamba inachangia, na kwamba zamu ibadilishwe. Na wakati huo huo anatibiwa, hasubiri kesi.

Namba ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kupinda au mkono kuishiwa nguvu, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anaamini ni hasira za bosi.

Mkaguzi wa usalama na afya kazini

Na daftari la mahudhurio lipigwe picha kila mwisho wa mwezi, Katibu. Saa za kuingia na kutoka za miezi sita ndizo Japani wanazozihesabu, na hapa ndizo zinazopotea kwanza.