Naomba ushauri: nawekaje kumbukumbu za wavuvi wazee ziaminike?

Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa BMU (kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi) kwenye kijiji kimoja huku Kilwa. Tunataka kuomba sehemu ya mwamba wetu ipumzishwe kwa muda, kama wanavyofunga miamba ya pweza kwingine, na sitaki kwenda kikaoni na maneno matupu.

Wazee wa dema (mtego wa samaki wa kusuka) wanajua mengi. Mmoja, ana miaka 70 na kitu, ananiambia zamani wakati wa bamvua (maji makubwa) dema likilala usiku mmoja lilijaa tasi mpaka linamshinda kulipandisha ngalawani. Sasa anatoa watatu, wanne, kila mmoja kama kiganja (alinikunjulia chake nione). Chewa wakubwa anasema walianza kupotea baada ya mvua za Elinino za 1997 na 1998, matumbawe yalipogeuka meupe. Cha ajabu, vijana wa miaka 20 wanasema samaki wako kawaida tu! Ndivyo walivyowakuta.

Nimewahoji wazee 11, kila mmoja peke yake, nikaandika kwenye daftari. Tatizo, wanahesabu kwa mtungo (samaki waliotungwa kwenye kamba) na ndoo. Ofisa mmoja alipoliona daftari akauliza, "Kilo ziko wapi?"

Naomba kujua:
1. Nibadilishe mitungo kuwa kilo kwa kukadiria, au niiache kama walivyosema?
2. Niulize vipi ili nitenganishe samaki kupungua na wavuvi kuongezeka? Maana vyombo navyo vimekuwa vingi mno.

Aliyewahi kufanya kazi hii anisaidie. Kikao ni mwezi ujao.